Jinsi ya kujua bibi ana miaka mingapi kama mwaka wake haukuandikwa popote

Ukiwa na bibi huku Dodoma vijijini lazima umekutana na hii, unamuuliza ulizaliwa lini anakwambia "wakati wa njaa", basi mnaishia hapo. Msiishie hapo jamani, mwaka unapatikana, au unausogelea kabisa.

Chukua karatasi ya manila piga mstari katikati. Juu weka mambo ya nchi ambayo miaka yake inajulikana: mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa 1947 hadi 1951, uhuru 1961, Operesheni Dodoma ya kuhamia vijiji vya ujamaa 1971, vita ya Kagera 1978/79, kifo cha Sokoine 1984, kifo cha Mwalimu 1999. Chini acha wazi, hapo ni pa bibi.

Sasa usimuulize mwaka, muulize alikuwa anafanya nini. Mi nilimuuliza bibi siku ya kuhama alibeba nini, akanyamaza kidogo, akasema mama yako mgongoni na kinu kichwani, na kibuyu cha maziwa kilipasukia njiani, mpaka leo anakisikitikia. Cheti cha ubatizo cha mama kinasema 1970 na ndo mtoto wa kwanza, kwahiyo 1971 mgongoni inakaa vizuri. Wakati wa uhuru anasema alikuwa anachunga ndama, ng'ombe alikuwa bado haachiwi, na kwetu ndama ni kazi ya watoto wa miaka sita saba. Rudi nyuma kutoka 1961 unapata 1954 au 1955, ina maana alimpata mama akiwa na kumi na tano kumi na sita, na yeye mwenyewe anasema aliolewa mdogo sana.

Kuwa makini na neno njaa. Ugogo imepita njaa nyingi na zina majina, uliza ni ipi. Akikutajia Mtunya, ile ilikuwa karibu na 1918, hapo jua anakusimulia ya mama yake. Hata vita, uliza ya Amini au ile iliyoisha 1945.

Ukimaliza msomee yote, atakurekebisha. Bibi yangu hasomi, nilipofika 1971 akanisimamisha akaniuliza kibuyu nimekiandika wapi. Nikachukua kalamu nikakiandika.