Ngalawa ya kwanza: kagua hivi kabla ya kutoa pesa

Chombo changu cha kwanza kilikuwa kosa. Ilikuwa mashua ya mbao, rangi ya buluu na nyeupe, na mimi, fundi cherehani wa Ngamiani hapa Tanga ambaye maisha yangu yote nawauzia watu nguo kwa rangi, niliingia mtego uleule ninaowatega wateja. Sikuuliza uzito. Siku ya tatu maji yalikupwa nikiwa bado mbali, mashua ikalala kwenye tope la Sahare, nami nikalala nayo mpaka saa tatu usiku maji yaliporudi. Kuipandisha ufukoni kulitaka wanaume sita, na wanaume sita hawapatikani kila Jumamosi. Niliiuza kwa hasara, nikanunua ngalawa, ule mtumbwi wa gogo wenye tanga na mbao za kuegemea pande zote mbili, na hiyo ngalawa ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya chochote, nenda ufukoni pako siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hapa Tanga tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3. Hesabu hatua kutoka mchanga mkavu mpaka maji yalipo. Kisha jiulize: mimi na mtu mmoja tu, tutakivuta chombo umbali huu, juu ya tope na mizizi ya mikoko? Jibu lako ndilo linalochagua chombo. Kama unakaa karibu na gati au mlango wa maji usiokauka, una bahati, chagua kwa moyo mpana. Sisi wengine tunachagua kwa mgongo.

Kuna watakaokwambia achana na ngalawa, tafuta kiboti cha faiba kama Laser. Sikatai. Laser ina urefu wa mita 4.2, gamba lake, yaani mwili wa chombo bila mlingoti wala tanga, ni kilo 59 hivi, tanga mita za mraba 7, na mtu mmoja anaendesha. Ikipinduka, unakanyaga ule ubao wa katikati unaoingia majini, inasimama, unapanda, unaendelea. Ngalawa haipinduki kirahisi hivyo, lakini ikishapinduka hainyanyuki kirahisi pia. Tatizo la Laser ni vipande: vikapi vidogo vya kupitishia kamba, vibano vya kamba, pini za chuma kisichoshika kutu. Kimoja kikivunjika unaagiza mbali na unasubiri. Kama uko Dar au Mombasa, karibu na klabu yenye watu wenye viboti hivyohivyo, utaazima na utafundishwa, basi chukua. Na kama anayejifunza ni mtoto, kuna Optimist, kiboti cha mita 2.3 tu, kilichobuniwa mwaka 1947 kwa ajili ya watoto na hakijapitwa. Ila ufuko wako ukiwa kama wangu, ambapo fundi wa karibu anajua shoka, tezo na bisibisi, nunua kitu ambacho fundi huyo anakijua.

Sasa ngalawa yenyewe. Ya kujifunzia isizidi mita 5 na nusu. Nenda kuiona asubuhi, na nenda na mtu wa bahari asiye na udugu na muuzaji. Mimi nilikwenda na mzee mmoja mvuvi, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani hakusema neno lingine kwa nusu saa nzima. Alitoa kisu akaanza kuchoma gamba, taratibu, kama mtu anayejaribu kama muhogo umeiva. Nawe fanya vivyo hivyo. Gogo la mwembe, ambalo ndilo hutumika sana kuchongea ngalawa, likiwa zima kisu kinagota. Likiwa limeoza kinazama bila sauti. Choma ngamani, pale maji yanapotuama, choma pale mguu wa mlingoti unapokanyaga, choma chini ya kila kiraka cha bati. Na usiogope zaidi chombo kilichokuwa baharini. Ogopa kilichoachwa wazi masika nzima. Chumvi inahifadhi mbao, maji ya mvua yanaiozesha.

Kisha igeuze. Ukiona matundu madogo kama ya sindano, kuna wadudu wa baharini ndani. Si lazima ukimbie, kwani ndiyo maana wavuvi huchoma gamba kwa moto wa makuti kisha wanalipaka sifa, ile mafuta ya papa yenye harufu ya kumfukuza mkwe. Lakini matundu yakiwa mengi, punguza bei au ondoka.

Tikisa matengo, zile mbao mbili za ubavuni. Hayo ndiyo yanayokuweka juu, la upande wa demani, kule upepo unakoelekea, likikandamiza maji wakati la joshini, kule unakotoka, linaning'inia hewani. Mirengu, ile miti iliyokingama inayoyashika, isiwe na ufa kwenye vifundo, na kamba zilizofungia zisilegee ukizivuta kwa uzito wako wote. Mwisho omba ngalawa iachwe ielee usiku mmoja. Asubuhi fua maji, yaani yachote uyamwage nje, kwa ndoo ya lita 10 ukihesabu. Ndoo moja ni kawaida. Ikifika tatu, mshukuru mwenye mali na uende zako.

Tanga ndilo jambo ninalolijua kwa mikono yangu, kwa hiyo nivumilie hapa. Ngalawa nyingi zinazouzwa huja na tanga la sandarusi, mifuko iliyoshonwa pamoja. Ni nyepesi na rahisi, lakini jua linaila. Ikunje pembeni kwa vidole, ikikatika kama jani kavu, haina maisha. Turubai la lori ni zito na halitaki kukaa umbo. Marekani, kile kitambaa cha pamba, inashika upepo vizuri kuliko zote hizi, ila ukiikunja mbichi, wiki moja tu ina madoa ya ukungu na wiki chache mbele inachanika. Mimi nashona kwa poliesta nzito isiyovutika. Siri iko kwenye mkato. Kila fundi anajua kitambaa ukikivuta kwa uzi kinakaa, ukikivuta mshazari kinarefuka. Basi mapande yote yapangwe uzi ukifuata ule ukingo wa nyuma usio na kamba wala mti, maana ndio unaovutwa na upepo siku nzima bila msaada. Niliona tanga jipya la jirani yangu lililokatwa kinyume. Baada ya mwezi lilipigapiga kama pazia la hoteli. Mshono uwe ule wa jinzi, kingo zimekunjwa ndani ya zenzake na kupigwa mara mbili, kwa uzi wa poliesta. Na upande wa foromali, ule mti unaobeba tanga, usiukate ulionyooka kabisa. Uache na mbinuko kidogo wa kwenda nje, kama unavyoacha nafasi ya kifua kwenye gauni. Hapo tanga linapata tumbo, na bila tumbo halivuti.

Anza na tanga dogo. Ngalawa yangu ilikuja na la mita za mraba kama 15. Nililihifadhi darini nikashona la 9, na watoto wa ufukoni wakaniita mama kitambaa. Wakacheka mpaka kusi ya Juni, ule upepo mkali wa kusini, ilipoingia.

Kamba: hapa ni Tanga, mkoa wa katani, mmea ulioletwa Pangani mwaka 1893 ikapona miche 62 tu, na najisikia vibaya kusema hivi, lakini henza, kamba ya kupandishia tanga, ya katani usinunue. Ikilowa inavimba na kukaza, fundo halifunguki, na chumvi na jua vinaimaliza. Chukua manila, hizi za plastiki, unene wa kidole kidogo kwa henza, na nene kidogo, laini mkononi, kwa demani, kamba ya kuvutia tanga (jina moja na ule upande). Demani ndiyo kamba utakayoishika wakati wote, na hii naomba uikariri: usiifunge. Upepo ukizidi, unaiachia, tanga linakosa nguvu, chombo kinatulia. Aliyeifunga ili ale chapati kwa mikono miwili ndiye anayepinduka. Angalia pia kapi kama linazunguka, na kana, ule mkono wa usukani, kama haichezi.

Vifaa vingine havina maneno mengi. Makafi mawili, maana upepo hufa bila kuaga. Upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Nanga na kamba yake, ndefu angalau mara tano ya kina utakachosimama. Kata ya kufulia maji, imefungwa kwa uzi, nimepoteza mbili. Filimbi shingoni. Simu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, maji ya kunywa, na kisu. Kisha madumu mawili matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, yamefungwa chini ya vikalio, moja omo, mbele, na moja tezi, nyuma. Chombo kikijaa maji, kila dumu linabeba karibu kilo 20, na hiyo inaweza kuwa tofauti ya kufua maji ukiwa ndani na kuelea nje ukingoja mtu.

Laifu jaketi nunua mpya. Zile za mtumba zinazoning'inia sokoni nyingine sponji yake imeshakunywa maji. Itie kwenye pipa na jiwe juu yake usiku mmoja, kisha ipime. Soma kibandiko, nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kukuelesha: ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea akiwa karibu na pwani, ya nyutoni 100 imetengenezwa ikugeuze uso juu. Kama huogelei vizuri, chukua ya pili, ivae tangu mchangani na uikaze. Iliyowekwa chini ya kikalio ni mto tu.

Dada zangu, msiende na dera, lile gauni pana. Nilikwenda nalo mara moja, likalowa likanifunga miguu nikiwa majini hadi kifuani, na nilikuwa nasimama! Suruali nyepesi, fulana ya mikono mirefu, mtandio mdogo uliofungwa nyuma na kubanwa pini, basi.

Kuhusu karatasi, uliza ofisi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na viongozi wa ufuko wako kuhusu usajili na leseni, na muuzaji akuandikie hati ya mauziano mbele ya mashahidi. Ufukoni kila chombo kina wajomba watatu wanaosema ni chao.

Mimi nilianza Oktoba, wakati wa matlai, upepo mwepesi na bahari imetulia kidogo kati ya kusi na kaskazi, upepo wa kaskazini. Kila safari, hata ya nusu saa, natazama kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa narudi kwenye cherehani.

Siku ya kwanza usiende popote. Subiri maji yakijaa, ipeleke ngalawa mpaka yakufike kiunoni, ondoa mlingoti na tanga, ijaze maji kwa makusudi. Ona inaelea kiasi gani na madumu yako. Panda, anza kufua. Mimi ilinichukua dakika 40 mara ya kwanza, na mzee alikaa mchangani akivuta sigara, akiniambia kila baada ya muda, "Bado, mwanangu, bado."