Mfereji mmoja una nguvu, ukifungua wa pili yote inalegea: tafuta palipobana

Shawa ikiwa peke yake inamwaga vizuri, lakini mtu akifungua mfereji wa jikoni inabaki kudondoka. Wengi hukimbilia kununua tangi kubwa zaidi, na hapo pesa hupotea bure. Nguvu ya maji ya tangi hutokana na kimo chake: kila mita 1 ni baa 0.1, liwe la lita 500 au 5,000. Dalili hii husema njia ya pamoja imebana mahali. Maji yakipita maradufu katika bomba lilelile, nguvu inayopotea kwa msuguano huwa karibu mara nne; ndiyo maana mfereji mmoja peke yake hauonyeshi kasoro.

Hatua ya 1: Pima kwa ndoo

Hakikisha tangi lina maji ya kutosha. Nyumba nyingi za Mombasa, kwa kuwa maji ya mtaa huja kwa zamu, zina mfereji mmoja wa chini unaotoka moja kwa moja barabarani. Huo usiuchanganye kwenye kipimo.

Chukua ndoo mbili za lita 10 na saa ya simu. Fungua jikoni pekee kwa dakika moja, soma lita. Kisha fungua jikoni na shawa pamoja, kila mmoja na ndoo yake, dakika moja vilevile. Tuseme jikoni peke yake ilitoa lita 10, na pamoja zimetoka 6 na 4. Jumla ni 10 ileile: koo la nyumba halipitishi zaidi ya hapo, na kasoro iko kabla mabomba hayajagawanyika. Ikiwa mfereji mmoja tu ni dhaifu hata peke yake, fungua kichujio cha mdomo wake. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mwamba wa matumbawe na huacha chokaa. Loweka kichujio au kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha, usugue kwa mswaki.

Hatua ya 2: Koki ya tangi

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara. Koki ya geti ya zamani huliwa na chumvi, geti likachomoka kwenye mhimili wake: gurudumu linazunguka mkononi kama kawaida, kumbe ndani limeziba nusu. Weka ndoo chini, fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka kwa nati) iliyo baada ya koki, uache maji yamwagike. Yakitoka kwa unyonge hapo hapo, usihangaike na kuta. Weka koki ya mpini (inayofunguka kwa robo mzunguko) badala yake, lakini chungulia tundu lake kabla ya kulipa. Nyingine zimeandikwa inchi 1 na tundu ni la nusu inchi. Tepu ya uzi izungushwe kufuata mwelekeo wa kukazia, la sivyo itajikunja na kuvuja.

Hatua ya 3: Bomba la kushukia

Koki ikiwa nzima, kata kipande kifupi cha bomba la chuma. Kutu iliyovimba ndani ikibakisha tundu la kupita kidole kidogo, halizibuki wala halisafishiki. Badilisha.

Kosa ninalolichukia ni kubadilisha kwa kipimo cha nje. Bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) la milimita 25 kwa nje, daraja la shinikizo PN20, lina unene wa 4.2 kila upande, kwa hiyo ndani ni 16.6. Bomba jipya la chuma la robo tatu inchi ni takriban 21.7 ndani. Ukiweka 25 umebana nyumba upya kwa pesa yako. Weka PPR ya 32, ambayo ndani ni 21.2, kutoka tangini hadi matawi yanapogawanyika. Ya 20 itumike kwa tawi la mfereji mmoja tu. Unapochomelea usisukume bomba kupita alama ya kina, kwani plastiki iliyoyeyuka hufanya pete inayoziba njia.

Hatua ya 4: Hewa

Mfereji ukitema na kukohoa baada ya tangi kukauka, fungua mifereji yote ya chini mpaka maji yatulie.

Pampu

Iwe ya mwisho. Kimo kati ya maji ya tangi na shawa kikiwa chini ya mita 2, pampu ndogo ya nusu hosipawa itasaidia, yenye kinga ya kukaukiwa. Ivute kutoka tangini. Ukiifunga kwenye bomba la mtaa utamnyang'anya jirani maji, na penye ufa itavuta uchafu wa ardhini hadi jikoni kwako.