Fungate ya mbuga na bahari: angalieni maji kabla hamjalipa hoteli

Jamani mnaopanga fungate ya Serengeti halafu Unguja, anzieni mbugani mmalizie baharini, kule mnaamshwa alfajiri na vumbi la barabarani linachosha, huku ndo mnapumzika. Na begi liwe laini, lisiwe lile gumu la magurudumu, maana ndege ndogo za mbugani nyingi hazitaki mzigo uzidi kilo 15 kwa mtu.

Ila kubwa zaidi ni maji. Watu wanaona picha ya Paje au Jambiani maji yamejaa mpaka kwenye minazi wanalipia, wakifika asubuhi bahari imekupwa iko mbali huko, wanaona wametapeliwa kumbe pwani ya mashariki ndo ilivyo, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwenye saa nne asubuhi unatembea mchangani tu mpaka karibu na mwamba (na mi napapenda hivyo hivyo, unawakuta kina mama kwenye mwani wao). Kama mnataka kuogelea muda wowote nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, kule maji hayakimbii sana. Mkitaka utulivu kaeni mashariki ila tazameni kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa la tarehe zenu, lipo bure mtandaoni.

Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, bei zinashuka lakini mvua ni mvua kweli, na hoteli zingine zinafunga kabisa, ulizeni mapema.