Meza ya kukunja: pima miguu ikiwa imelala

Meza nyingi za kukunja hukosewa kabla msumeno haujashikwa. Fundi anaipima meza ikiwa imesimama, anasahau kuipima ikiwa imekunjwa. Chukua meza ya urefu wa sm 120 na kimo cha sm 74: miguu ya pande mbili ikilala ndani inataka zaidi ya sm 130, na kati ya bawaba na bawaba una sm 90 tu. Lazima igongane. Dawa ni kuishusha bawaba ya upande mmoja ili fremu moja (jozi ya miguu ya upande mmoja) ilale juu ya mwenzake.

Ubao wa juu ni plaiwudi ya mm 18, sm 120 kwa 60. Shiti ya futi 8 kwa 4 inatoa meza nne, kwa hiyo changeni au ulizia kipande. Miguu ni mbao mbili za inchi 2 kwa 2 za futi 12. Ongeza mita moja ya 1 kwa 4, nusu mita ya 2 kwa 4, mita 1.6 ya 1 kwa 2, bawaba nne za inchi 3, na bolti nane za mm 8 zenye urefu wa mm 90. Bawaba nyembamba za dirisha ziache dukani.

Saiprasi na paini hupatikana kirahisi Moshi na Arusha, ila mara nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Ukishika mbao ukasikia uzito na ubaridi, ipange kivulini wiki kadhaa, na vijiti katikati hewa ipite. Mguu mbichi ukikauka ukiwa kwenye bawaba utajipinda, na meza haitafunguka vizuri tena.

Piga randa 2 kwa 2 hadi ibaki sm 4.5. Kata miguu miwili ya sm 70.2 (fremu A) na miwili ya sm 65.2 (fremu B). Kila fremu ina upana wa sm 50 na vipande viwili vya kuunganisha vya sm 46, pamoja na ulimi (ncha inayoingia kwenye tundu la mguu) wa sm 2.5 kila upande: kimoja juu kabisa, kingine sm 8 kutoka sakafuni. Gundi, kisha kagua pembe mraba kwa guni kabla haijakauka.

Sasa vibao vya bawaba, vinavyokaa chini ya ubao wa juu, vyote sm 50, kila kimoja sm 10 kutoka mwisho wa meza. Cha A ni 1 kwa 4 iliyorandwa hadi sm 2. Cha B ni 1 kwa 4 isiyorandwa (sm 2.5) iliyogandishwa na 2 kwa 4 iliyorandwa (sm 4.5), jumla sm 7. Tofauti hiyo ya sm 5 ndiyo inayoipisha fremu A, na nusu sentimita inabaki. Bawaba inakaa upande wa ndani wa mguu; kichwa cha mguu kiegemee kibao chenyewe, uzito usibebwe na skrubu. Toboa kwanza, maana saiprasi hupasuka ncha. Pini za bawaba mbili za fremu moja zisipokuwa mstari mmoja, zitabana.

Kinachobaki ni kuzuia miguu isijikunje ndani. Kata mikono minne ya sm 38 kutoka 1 kwa 2. Ifunge upande wa ndani wa kila mguu, sm 20 chini ya bawaba, kwa bolti na nati mbili zilizokazana. Nati moja hulegea kwa kukunjwa mara kwa mara. Chini ya ubao, sm 20 ndani kutoka bawaba, gandisha na kaza kwa skrubu kipande kidogo cha 2 kwa 2. Tundu la pili la mkono usilipime kwa futi. Simamisha meza, weka guni, bana mkono na kipande, toboa vyote pamoja, kisha kata kilichozidi. Bolti ya hapa hukazwa kwa nati yenye masikio na huchomolewa wakati wa kukunja. Ifunge kwa uzi, la sivyo itapotea siku ya kwanza.

Ikitikisika, iweke kwenye sakafu iliyonyooka, ingiza karatasi chini ya mguu mfupi hadi itulie, kisha punguza mitatu iliyobaki kwa unene huo. Paka vanishi juu, chini na kwenye kingo. Ukipaka juu tu, unyevu wa masika utaingia chini na plaiwudi itapinda. Kwa kubebea, pete mbili za tyubu ya baiskeli zinatosha.