Fimbo ya kuvulia besi penye magugu mazito
Besi (bass, samaki wa maji baridi) akinaswa na ndoana kwenye magugu au visiki, hukimbilia mashinani papo hapo, kwa hiyo fimbo laini itakupotezea samaki. Chukua ya futi 7 hadi 7 na nusu, yenye alama H (heavy, yaani ngumu), inayopinda karibu na ncha tu. Ikipinda hadi katikati, ndoana nene haizami tayani. Ndefu zaidi hung'oa samaki vizuri, ila chini ya matawi ni usumbufu mtupu. Mshipi uwe wa kusukwa, unaohimili ratili 50 hadi 65. Wa nailoni hunyumbuka mno. Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ikaze karibu mwisho. Kwa chambo chenye ndoana ndogo zenye ncha tatu, badilisha fimbo: hii huzichomoa mdomoni.