Kupanga spika nane kwa muziki usio na mpigaji jukwaani

Mwaka 1974, jijini Paris, mtunzi wa muziki François Bayle alizindua Acousmonium, okestra ya spika pekee, inayocheza muziki uliorekodiwa. Mimi hapa Sinza, Dar es Salaam, napanga nane, na zinatosha.

Mbili kubwa mbele, mbili ubavuni, mbili nyuma. Mbili ndogo zilizobaki nazigeuzia ukutani, sauti ifike imeshagonga zege. Hizo ndizo nizipendazo kuliko zote. Usizipange kama za harusi, zote zikikukodolea macho. Kila jozi ipe kitelezi chake kwenye miksa, kile cha kusukuma kupandisha na kushusha sauti: rekodi ni ya stirio, yaani njia mbili tu, kushoto na kulia, wewe ndiye unayeitembeza ukumbini kwa vidole. Kaa katikati ya wasikilizaji. Zima feni, hata kama joto la Januari linachoma, kwa maana minong'ono humezwa na mvumo wake. Taa nazo zififishe.