Namna ya Kuchagua Chapa ya Zana za Umeme kwa Ubora Wake na Uadilifu wa Kampuni

Anayenunua drili ya betri hanunui drili peke yake. Betri za kampuni moja haziingii katika mashine za kampuni nyingine, isipokuwa pale ambapo kampuni zenyewe zimekubaliana, na kwa sababu hiyo mnunuzi akishakuwa na betri mbili na chaja yake, grainda itakayofuata, msumeno utakaofuata na hata taa ya kazini itatoka palepale alipoanzia. Uamuzi wa siku moja humfunga mtu kwa miaka mingi. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kwanza halihusu drili yenye nguvu kuliko zote, bali kampuni inayostahili kukabidhiwa fedha za miaka hiyo yote, pamoja na usalama wa vidole na macho ya mtumiaji.

Mfahamu mwenye jina

Jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine na kampuni inayoitengeneza ni vitu viwili, na mara nyingi viliachana zamani. Stanley Black & Decker, iliyozaliwa mwaka 2010 kwa kuungana kwa kampuni mbili za Marekani, inamiliki DeWalt na, tangu 2017, Craftsman, jina ambalo kwa miongo mingi lilikuwa la maduka ya Sears. Techtronic Industries ya Hong Kong, maarufu kwa kifupi cha TTI, ilinunua Milwaukee mwaka 2005, na ndiyo inayotengeneza zana za AEG na, katika masoko mengi, zana za Ryobi, ingawa jina la Ryobi asili yake ni Japani. Hitachi Koki ilinunuliwa mwaka 2017 na kampuni ya uwekezaji ya KKR, na mwaka uliofuata zana zake zikaanza kuitwa HiKOKI. Chervon ya Nanjing, China, inamiliki EGO, Flex na Skil. Wapo pia waliobaki na majina yao: Makita, iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1915, Hilti ya Liechtenstein, inayomilikiwa na wakfu wa familia, na Bosch, ambayo takriban asilimia 94 ya hisa zake ziko mikononi mwa wakfu wa Robert Bosch.

Maarifa haya yana kazi mbili. Kwanza, yanamzuia mtu kununua sifa ya babu yake: chapa iliyosifiwa miaka arobaini iliyopita huenda leo ni jina tu lililokodishwa, na anayelitumia sasa ana viwanda vingine, wahandisi wengine na malengo mengine. Pili, yanaonyesha kwamba mmiliki mmoja huweza kutengeneza daraja kadhaa za zana kwa makusudi, moja ya matumizi ya nyumbani na nyingine ya fundi anayefanya kazi kutwa, na hilo si udanganyifu endapo linaelezwa wazi. Bosch, kwa mfano, huzipaka rangi ya kijani zana zake za nyumbani na rangi ya buluu zile za mafundi. Mnunuzi aangalie hapo, kwa sababu betri ya volti 18 ya zana za kijani haiingii katika zana za buluu, ijapokuwa jina ni moja na volti ni zilezile.

Soma namba bila kuzuzuliwa nazo

Betri iliyoandikwa volti 18 na ile iliyoandikwa volti 20 Max kwa kawaida zina mpangilio uleule ndani: seli tano za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, na tano zinafanya 18. Zikiwa zimetoka kwenye chaja sasa hivi, kila moja hufikia volti 4 na ushei, na jumla inapita 20. Vivyo hivyo, betri ya volti 12 Max ni ileile ya volti 10.8. Kinachofaa kulinganishwa ni wati-saa, zinazopatikana kwa kuzidisha volti za kawaida kwa namba ya Ah (ampea-saa) iliyoandikwa kwenye betri. Betri ya volti 18 na 5 Ah ina wati-saa 90, na hizo ndizo zinazoamua mtu atafanya kazi kwa muda gani kabla ya kurudi kwenye chaja.

Upande wa nguvu ya kusokota, inayopimwa kwa Nm (nyutoni-mita), ulizia kama namba iliyotangazwa ni ya kufunga skrubu katika kitu kigumu kama chuma au katika kitu laini kama mbao, kwa kuwa drili hiyohiyo huwa na namba mbili zinazotofautiana sana, na tangazo huchagua ile kubwa. Kwa mashine za kuchomeka ukutani, wati zilizoandikwa kwa kawaida ni zile zinazoingia, wala si zile zinazofika kwenye keekee au kwenye diski. Kampuni inayochapisha namba zote mbili imekwisha kukuonyesha jambo fulani kuhusu tabia yake.

Kuna namba nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, nayo iko katika kijitabu cha maelekezo: kiwango cha mtetemo, kinachoandikwa kwa mita kwa sekunde mraba. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 iliweka 2.5 kuwa kiwango cha siku nzima ya saa nane ambacho mwajiri akikipita hulazimika kuchukua hatua, na 5 kuwa kikomo kisichovukwa. Mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa na neva za vidole, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mtu atakayeshika grainda au drili ya kutoboa zege kila siku, namba hii ina uzito kuliko volti.

Ishike mashine kabla ya kuilipia

Iombe iwashwe. Bonyeza swichi polepole uone kama mwendo unapanda taratibu au unaruka ghafla. Swichi inayoruka itaharibu skrubu na kuchosha mkono. Funga keekee ndefu iliyonyooka na uizungushe polepole: ikiyumba kwenye ncha, beringi au kishikio chake hakikutengenezwa kwa makini. Achia swichi ya grainda, kisha angalia diski inachukua muda gani kusimama, kwani modeli zenye breki husimama kwa sekunde chache tu na zisizo na breki huendelea kuzunguka wakati mtumiaji ameshaishusha. Angalia sanduku la gia kama ni la chuma chepesi au la plastiki, na mahali waya unapoingia mwilini kama pana mpira unaouzuia kukunjika. Alama ya mraba ndani ya mraba mwingine inamaanisha kwamba mashine ina kihami maradufu cha umeme. Ikikosekana kwenye zana yenye plagi isiyo na waya wa ardhi, iache.

Mota isiyotumia kaboni, yaani vile vipande vinavyosugua rota ili kuipelekea umeme, huchoma betri kidogo na haina kaboni za kusagika, kwa hiyo inafaa kwa kazi nyingi. Lakini mota ya kaboni si dhambi. Kaboni ni sehemu ndogo inayobadilishwa kwa dakika chache, ilhali mota isiyo na kaboni inategemea bodi ya elektroniki ambayo ikiungua huweza kugharimu karibu sawa na mashine mpya.

Baada ya mauzo ndipo kampuni inapojulikana

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kununua, tafuta mchoro wa vipuri wa modeli unayoitaka, ule unaoionyesha mashine ikiwa imefunguliwa na kila kipande kikiwa na namba yake. Kampuni zinazokusudia zana zao zitengenezwe zikiharibika huuchapisha mchoro huo kwa yeyote. Ukiupata, uliza bei na upatikanaji wa vitu vinne: swichi, beringi, kaboni na rota ya mota. Vikipatikana kwa bei ya haki, mashine hiyo ina maisha marefu. Jibu likiwa kwamba kampuni haiuzi vipuri bali hubadilisha mashine nzima ndani ya muda wa dhamana, elewa kwamba siku dhamana itakapokwisha, mashine nayo imekwisha.

Dhamana yenyewe isomwe yote, hasa sehemu ya yasiyohusika. Zana nyingi za daraja la nyumbani huondoa dhamana mara zinapotumika kibiashara, na fundi aliyejinunulia kwa bei nafuu hubaki mikono mitupu. Kampuni nyingine hutoa miaka ya nyongeza kwa sharti kwamba mnunuzi ajisajili ndani ya wiki nne au siku 30. Betri mara nyingi huwa na muda wake tofauti. Uliza pia bei ya betri moja ikiuzwa peke yake, kwa sababu seti ya bei ya kuvutia huwa inafidiwa huko.

Kisha angalia historia ya mfumo wa betri. Ryobi ilianzisha mfumo wake wa ONE+ wa volti 18 mwaka 1996, wakati betri zilikuwa za nikeli na kadimiamu, na betri za lithiamu za leo bado zinaingia katika mashine za wakati ule. Makita imeendelea na mfumo wake wa LXT tangu 2005. Ilipotaka nguvu zaidi, mwaka 2019, ilianzisha mfumo wa XGT kando, bila kuutupa ule wa kwanza, ingawa betri zake haziingiliani. Kampuni iliyobadilisha umbo la betri mara kadhaa na kuwaacha wateja wake na mashine nzima zisizo na betri imeonyesha jinsi inavyouthamini uaminifu wao. Yafaa pia kuziangalia kampuni zilizokubali kutumia betri moja: Metabo na wenzake waliunda muungano wa CAS mwaka 2018, na Bosch imefungua mfumo wake wa zana za buluu kwa watengenezaji wengine kwa jina la AMPShare. Mnunuzi aliyemo katika miungano hiyo hafungwi na kampuni moja.

Uadilifu hupimwa kwa makosa

Kila kampuni kubwa imewahi kukosea. Mwaka 2022 DeWalt ilitangaza kuziita kwa marekebisho takriban misumeno 1,400,000 ya kukatia pembe nchini Marekani, kwa sababu kinga ya nyuma ya diski iliweza kuvunjika au kutoka, na wenye misumeno hiyo waliahidiwa matengenezo bila malipo. Tangazo la namna hiyo halitoshi kuihukumu chapa. Linalofaa kuulizwa ni: malalamiko yalianza lini na kampuni ilichukua hatua lini? Je, ilitaja modeli kwa namba, ikalipia matengenezo, au ilimtupia mtumiaji lawama? Vyombo vya usalama wa bidhaa katika nchi nyingi huchapisha matangazo hayo hadharani, na dakika ishirini za kuyasoma zina faida kuliko saa nzima ya kutazama video za majaribio zilizolipiwa na mtengenezaji.

Umiliki wa wakfu au wa familia nao usichukuliwe kuwa cheti cha usafi. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza Bosch faini ya euro milioni 90 kwa nafasi yake katika kashfa ya moshi wa magari ya dizeli. Zana zake za umeme hazikuhusika, lakini anayeipima kampuni kwa uadilifu hana haki ya kuhesabu mazuri tu, kama vile siku ya kazi ya saa nane ambayo Robert Bosch aliianzisha mwaka 1906, na kuyafumbia macho mengine.

Suala zito zaidi liko ndani ya betri. Seli nyingi za lithiamu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako shirika la Amnesty International lilieleza katika ripoti ya mwaka 2016 kwamba watoto hufanya kazi katika machimbo ya mikono. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 imezipa kampuni kubwa wajibu wa kufuatilia madini hayo yanakotoka, ingawa kuanza kwa wajibu huo kuliahirishwa hadi mwaka 2027. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa huzitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa kila mwaka, na taarifa hizo zinasomwa na mtu yeyote popote alipo. Zisome kwa jicho kali. Taarifa inayotaja viwanda vingapi vilikaguliwa, makosa gani yalionekana na wasambazaji gani waliachwa ina thamani. Taarifa inayodai kwamba katika maelfu ya wasambazaji hakuna tatizo hata moja ina maana kwamba hakuna aliyetafuta.

Mwisho kuna suala la bidhaa feki, kwa sababu chapa nzuri ndizo zinazoghushiwa, na betri feki huweza kuwaka moto. Nunua kwa wakala anayetajwa na kampuni yenyewe, linganisha namba ya mashine na ile ya kwenye boksi, na usiamini betri ya Ah nyingi ambayo ni nyepesi kuliko betri halisi ya Ah chache. Kampuni inayojali huweka njia ya kuhakiki namba hizo na hujibu inapoulizwa.

Baada ya kubaki na chapa mbili, ziandikie idara za huduma za kampuni zote mbili swali moja mahususi, kwa mfano namba ya kipuri cha swichi ya modeli unayoitaka na muda ambao vipuri vyake vitaendelea kupatikana baada ya modeli hiyo kuacha kutengenezwa. Ngoja jibu. Kisha nunua mashine moja na betri moja tu kwa anayejibu kwa namba na tarehe, uitumie katika kazi halisi, na uongeze nyingine kabla ya dhamana ya ile ya kwanza kufika ukingoni ikiwa imekuridhisha.